Zabadi: Historia ya Neno, na Mafuta Yanayonuka Kabla ya Kunukia

Katika maombi ya istilahi yanayofika mezani petu, yako machache ambayo huleta kicheko kabla ya kuleta kazi. Moja lilikuwa la mfasiri aliyepewa karatasi ya maelezo ya mafuta ya manukato ili aitie katika Kiswahili. Karatasi ile ilieleza kwamba mafuta yale yana harufu za daraja tatu: ile inayotangulia mara chupa inapofunguliwa, ile inayofuata mafuta yakisha kushika mwilini, na ile inayobaki saa nyingi baadaye. Mfasiri akaandika: "noti ya juu, noti ya kati na noti ya chini." Msomaji wa kawaida akiyaona maneno hayo atadhani anasoma habari za benki; na mwanamuziki, ambaye ndiye mwenye haki zaidi ya neno hilo, atauliza wimbo wenyewe u wapi. Hata hivyo, mfasiri hastahili kulaumiwa. Alifungua kamusi zote alizokuwa nazo, na kamusi zikamnyima msaada.

Makala haya yana nia ya kuonyesha kwamba msaada ulikuwapo, ila haukuwa mahali alipoutafuta. Alitafuta majina, na Kiswahili, katika habari za harufu, hutunza mali yake katika vitenzi. Ili jambo hili lidhihirike tumechagua kufuata historia ya kitu kimoja tu, nacho ni zabadi. Hakuna mafuta mengine ya manukato yaliyoingia katika lugha yetu yenye tabia ya ajabu kama haya, na hakuna yanayoulizia maneno kwa ukali kama haya.

Zabadi ni ute mzito unaotoka katika tezi zilizo chini ya mkia wa mnyama aitwaye fungo. Dume na jike wote wanao. Fungo hupita usiku, husugua sehemu hizo katika shina la mti au jiwe, na kuacha alama ya kuwaarifu wenziwe kwamba mahali pale pana mwenyewe. Ute huo ukiwa mbichi una rangi ya manjano hafifu na ulaini wa siagi. Ukikaa hugeuka kahawia na kuwa mzito zaidi. Harufu yake, mtu akifungua kopo na kuinamisha pua, ni uvundo. Mna kinyesi ndani yake, mna zizi lililonyeshewa, mna beberu. Asiyeambiwa kitu kile ni nini hufunika haraka na kwenda kunawa. Na kitu hicho hicho, kikitiwa kidogo sana katika mafuta mengine na kupakwa penye joto la mwili, baada ya muda huwa harufu tamu, ya uvuguvugu, inayodumu kuliko ya maua yoyote. Kwa ajili ya mageuzi hayo watu wa mabara matatu walikilipia fedha nyingi kwa karne kadhaa.

Neno lenyewe ni la Kiarabu. Linatokana na shina lenye maana ya povu, na ndugu yake wa karibu ni neno la Kiarabu la siagi. Yaani walioliita hivyo walitazama sura ya kitu kwanza, wakaiacha harufu ijieleze yenyewe. Kutoka kwa Waarabu neno lilisafiri pande zote pamoja na bidhaa. Waitaliano walisema zibetto, Wafaransa civette, Waingereza civet. Upande wa mashariki Wamalei walipata jebat. Uhabeshini, ambako kwa muda mrefu ndiko kulikotoka sehemu kubwa ya zabadi iliyouzwa duniani, Waamhara husema zibad. Wareno walishika njia nyingine: waliiita algalia, nalo pia lina asili ya Kiarabu, kutokana na jina la mchanganyiko fulani wa manukato. Inafaa kukumbuka kwamba Wareno walikaa katika pwani yetu tangu mwaka 1498 kwa muda wa karne mbili, wakatuachia meza, leso na mvinyo. Jina lao la zabadi hawakutuachia. Sababu yaonekana wazi. Walikuta nafasi imekwisha kukaliwa.

Kwa hakika biashara ya manukato katika pwani hii ni ya zamani kuliko miji mingi iliyosimama leo. Al-Mas'udi, aliyesafiri kwa mara ya mwisho kutoka nchi ya Zanji kwenda Omani mwaka 916, ameandika habari za ambari iliyookotwa katika fuko zetu, na kuisifu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipokelewa kwa tambuu, popoo na marashi ya waridi ya Dameski. Salme binti Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza maisha ya nyumba za kifalme za Unguja, na manukato yamo kila mahali: katika nguo, katika nywele, katika mito ya kulalia. Kuhusu zabadi hasa, ushahidi wa kamusi ni wa mapema. Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, ameorodhesha zabadi, na mnyama wake amempa majina mawili, fungo na ngawa, akiongeza kwamba ngawa ni mkubwa kuliko fungo.

Hapo pana fundo ambalo wasanifu wa istilahi za wanyama bado hawajalifungua. Bara, mtu akisema fungo, anamkusudia mnyama mkubwa wa Afrika, mwenye madoa, mistari na kilemba cheusi usoni. Unguja wako wanyama wawili wa jamii hiyo: huyo wa Afrika, na mwingine mdogo wa asili ya Asia, aliyeletwa na watu, inaaminiwa kwamba aliletwa kwa ajili ya zabadi yake, kwa maana mnyama huyo huyo amepelekwa pia Ngazija na Bukini. Basi majina mawili ya Steere yawezekana kuwa ni ya wanyama wawili kweli, wala si visawe kama kamusi za baadaye zilivyoyafanya. Wako pia wasemao tu "paka wa zabadi", ingawa mnyama huyu si paka hata kidogo.

Namna ya kuipata zabadi haipendezi kusimulia, lakini historia isiyoitaja itakuwa ya upande mmoja. Fungo hunaswa porini na kutiwa katika kizimba chembamba kiasi cha kutoweza kugeuka. Kila baada ya siku tisa au zaidi hushikwa mkia kupitia mwanya wa nyuma, tezi zikabinywa, na ute ukakombwa kwa kijiko. Uhabeshini ulitiwa katika pembe za ng'ombe na kufungwa kwa ngozi, na katika pembe hizo ukavuka bahari. Wachuuzi waliughushi kwa siagi na asali. Biashara hiyo iliwavuta hata watu tusiowatarajia: Daniel Defoe, ambaye baadaye aliandika hadithi ya Robinson Crusoe, alinunua fungo wapatao 70 huko London, na mwaka 1692 akafilisika. Katika karne ya ishirini watengenezaji wakubwa wa Ufaransa waliendelea kuitumia. Manukato ya Chanel No. 5, yaliyotolewa mwaka 1921, yalikuwa na zabadi ya mnyama mpaka mwaka 1998, ambapo kampuni yenyewe yasema iliacha na kutumia ya kutengenezwa. Lawama juu ya vizimba zilikuwa zimekwisha kuwa nyingi, na sisi hatuoni kwamba zilizidi.

Hayo ni ya pwani na ya ng'ambo. Lakini istilahi inayoeleweka Unguja na Lamu peke yake haiwezi kuitwa ya taifa, na kwa hiyo tulitaka kujua watu wasiolelewa katika utamaduni wa udi na uturi wangeieleza vipi zabadi kwa Kiswahili chao. Tulikwenda Kapalamsenga, katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Zamani ilihesabiwa chini ya Mpanda, kabla mkoa huo haujakatwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mahali hapo panafaa kwa kazi yetu kwa sababu mbili. Kwanza, fungo mwenyewe yumo katika misitu ya miyombo inayoizunguka. Pili, Kiswahili kinachosemwa hapo ni cha watu wa makabila mengi: wenyeji, watu waliovuka Ziwa, wafugaji waliohamia, na vijana waliofuata machimbo ya shaba. Wala Kiswahili si kigeni upande ule. Misafara ya pwani ilikwisha kulifikia Ziwa Tanganyika kabla Wabelgiji hawajaweka kituo chao hapo Karema jirani mwaka 1879, kituo ambacho Mapadre Weupe walikirithi mwaka 1885.

Tulichukua kichupa cha mafuta ya sandali yaliyotiwa zabadi kidogo, na watu watatu wakakubali kupakwa tone moja kila mmoja kwenye kifundo cha mkono, saa tatu asubuhi. Mmoja alikuwa mama auzaye migebuka na dagaa wa Ziwani, mwingine kijana wa machimboni, na wa tatu mzee ambaye ujanani alikuwa mwindaji. Hatukuwaambia ndani ya kichupa mna nini.

Mzee hakungoja kupakwa. Kizibo kilipotoka tu alisema, "Mwanangu, huyu si fungo?" Akaeleza jinsi walivyokuwa wakimtambua porini: kwa harufu hii katika mashina ya miti, na kwa mahali anapokwenda haja siku zote pale pale, ambapo magamba ya jongoo hutapakaa katika kinyesi, maana fungo hula jongoo bila kudhurika. Tulipomwambia kwamba watu wa pwani hujipaka kitu hicho, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa adabu kama wake zao huwa wamekubali.

Yule mama alisema mara moja, "Yananuka." Alipobanwa aseme yananuka nini, alitaja ngozi ya mbuzi iliyoanikwa na mvua ikaikuta. Kwa robo saa hivi hakubadili neno. Kisha tuliona akiuleta mkono puani bila kuambiwa, akaurudisha, akauleta tena. Mnamo saa nne alisema, "Sasa yananukia." Harufu ya ngozi mbichi ilikuwa imekwenda, na mahali pake pakawa na utamu mzito, kama asali ya zamani iliyokaa ndani ya mzinga, na juu yake sandali kavu. Mchana haukuwa umepita alipotoa neno la tatu, nalo ndilo tuliloliandika kwa furaha kuliko yote: "Yametua." Kwa wakati huo mtu alilazimika kusogea ili ayanuse, na alichonusa ni kama ngozi ya mtu aliyeoga muda mfupi uliopita akalala katika shuka safi, harufu ya uhai, kwa ufupi, isiyo ya ua lolote wala ya mnyama yeyote.

Kwa kijana wa machimboni mambo hayakwenda hivyo. Alirudi kazini, akatoka jasho, na mafuta yale yale yakawa makali juu yake. Saa sita wenziwe walikuwa wanamwita beberu. Jioni, baada ya kuoga maji matupu bila sabuni, harufu ilikuwa bado ipo, na sasa ilikuwa tamu kuliko ya mama. Kwa mzee yalikawia kugeuka, kwa kuwa ngozi yake ilikuwa kavu na baridi. Watu watatu, kichupa kimoja, na siku moja.

Sababu za mageuzi haya zimejulikana kwa sehemu kubwa. Zabadi si kitu kimoja; ni mkusanyiko wa vitu vingi vyenye wepesi tofauti. Joto la ngozi, ambalo ni kama nyuzi 33 za Selsiasi, huvirusha vile vyepesi kwanza na kuviacha vizito nyuma. Miongoni mwa vinavyonuka vibaya mna skatoli, ambayo ndiyo inayokipa kinyesi harufu yake, na indoli. Lakini mwepesi wa kuruka hauelezi yote. Indoli hiyo hiyo imo katika asumini, nasi tunaisifu asumini. Kinachotofautisha ni wingi. Kitu kikizidi pua hukikataa, kikipungua sana pua hukiita kwa jina jingine. Kinachobaki mwisho ni kile ambacho kwa Kiingereza, kwa Kifaransa na kwa lugha nyingine za sayansi kinaitwa kwa jina lililotokana na zabadi yenyewe, na sisi tunaweza kukiita sivetoni. Kilitengwa mwaka 1915, na mwaka 1926 Leopold Ruzicka alithibitisha umbo lake: pete ya atomu 17 za kaboni. Wanakemia wa siku hizo waliamini kwamba pete kubwa namna hiyo haiwezi kusimama. Fungo alikuwa akiitengeneza usiku kucha bila kuwauliza. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya yale yaliyompa Ruzicka Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1939. Pete hiyo ni nzito, huruka polepole mno, na hata harufu nyingine zilizochanganywa nayo hukawia kuondoka. Kwa hiyo watengenezaji waliitafuta zabadi hata kwa manukato ambayo hawakutaka yanukie zabadi.

Sasa turudi kwenye maneno. Mtu akiyapanga maneno yetu ya manukato katika mafungu mawili ataona jambo ambalo sisi hatukuliona mpaka tulipoyaandika kwenye kadi na kuzitandaza mezani. Fungu la majina ya vitu karibu lote limekuja na bahari: udi, ambari, miski, zabadi, sandali, uturi, waridi, asumini. Marashi nayo imetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kunyunyiza, na ndiyo maana chombo chake kinaitwa mrashi. Fungu la vitendo ni la Kibantu: kunuka, kunukia, kunusa, kupaka, kusinga, kufukiza, kukolea, kutua, kuvunda. Jahazi lilileta vitu pamoja na majina yake. Yale ambayo vitu hivyo hufanya mwilini na nyumbani tuliyaeleza kwa vitenzi tulivyokuwa navyo.

Na katika vitenzi hivyo, kuna jozi moja ambayo lugha nyingi kubwa hazina. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 inavitenga kuwa vidahizo viwili: kunuka ni kutoa harufu mbaya, kunukia ni kutoa harufu nzuri. Kwa sarufi, cha pili si kingine ila ni cha kwanza katika kauli ya kutendea, kama pika na pikia, leta na letea. Kinachonuka kinanuka tu, kimejaa chenyewe, hakimjali mtu. Kinachonukia kinanuka kwa ajili ya mtu, kinamwelekea. Kwamba zamani kunuka hakukuwa na ubaya ndani yake kunaonekana katika neno manukato, lililoundwa kwa nuka na wala si kwa nukia, na bado lina maana nzuri tupu. Ubaya uliingia baadaye, wakati kunukia kulipojitwalia uzuri wote. Wala si Kiswahili peke yake kilichopita njia hii. Katika Kishona kunhuwa ni kutoa uvundo, na kunhuwirira, ambacho ni kitenzi kile kile kilichorefushwa kwa kauli ya kutendea, ni kunukia vizuri.

Hebu sasa msomaji aitazame zabadi kwa jozi hiyo. Mafuta haya hunuka, kisha hunukia, na kati ya hayo mawili hakuna kilichoongezwa ila joto la mwili na muda. Mama wa Kapalamsenga hakuwa na haja ya noti yoyote. Alitumia kitenzi kimoja, akakinyambua, akaongeza cha pili, na hali tatu za mafuta zikawa zimeelezwa kwa maneno matatu. Wako watakaosema kwamba hayo ni mazungumzo ya kijijini, na kwamba istilahi hudai majina. Tunakubali kwamba hudai majina. Lakini majina huzaliwa na vitenzi, na hiyo ndiyo njia ya Kiswahili iliyo rahisi kuliko zote: anayecheza ana mchezo, kinachokwenda kina mwendo.

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Harufu inayotangulia, ile inayoondoka ndani ya dakika chache, iitwe mruko, kwa kuwa ndiyo inayoruka. Inayofuata, mafuta yakisha kushikana na ngozi, iitwe mkoleo, kutokana na kukolea, kama rangi inavyokolea katika nguo na kiungo katika mchuzi. Inayobaki mwisho iitwe mtuo. Mfasiri wetu angeweza basi kuandika: "Mafuta haya mruko wake ni wa ndimu, mkoleo wake ni wa asumini, na mtuo wake ni wa zabadi." Sentensi hiyo tulimsomea yule mama pasipo maelezo, akaielewa yote isipokuwa asumini, ambayo haioti kwake.

Pingamizi mbili zililetwa katika mazungumzo ya ofisini. Ya kwanza ni kwamba mruko hutumika katika michezo. Hatuioni kuwa na uzito. Hakuna atakayedhani manukato yamekimbia na kuruka chini. Ya pili ni ya maana zaidi. Kukolea kumekwisha kutoa istilahi ya kemia, ukolezi, yaani kiasi cha kitu kilichoyeyushwa ndani ya kingine, na pana hatari ya kuchanganya. Ndiyo sababu hatukupendekeza ukoleo wala ukolezi, tukachukua kiambishi m-. Mwenye neno bora alilete. Kuna aliyetaja "moyo", naye ana hoja, ila moyo ni jina la mahali, na tatizo la noti za juu na chini ni hilo hilo: zinaweka harufu katika ngazi, ilhali harufu haina juu wala chini. Ina kabla na baada.

Kuhusu kitu kinachozizuia harufu nyingine zisiondoke haraka, kazi ambayo zabadi, ambari na miski zimeifanya kwa karne nyingi, tungependa kishikizi. Hapo hatuna maneno mengi.

Liko swali moja lililobaki, nalo si la kuundia neno jipya bali la kulilinda la zamani. Zabadi iliyo katika chupa nyingi za leo haikutoka kwa mnyama yeyote. Imetengenezwa kiwandani, na kwa fungo hiyo ni heri. Je, iitwe zabadi? Wako wanaotaka neno hilo libaki kwa kitu cha mnyama tu, na cha kiwandani kiitwe sivetoni. Kwetu sisi mgawanyo huo una kasoro. Sivetoni ni kitu kimoja kati ya vingi vilivyomo katika zabadi; ni jina la mwanakemia, na likae katika orodha za kemia pamoja na wenzake wa mataifa yote, hata kama kwa asili ni zabadi yetu iliyokwenda Ulaya ikarudi imevaa koti. Lakini chupani mnunuzi anataka kujua atakachonusa na kilikotoka. Basi iandikwe "zabadi ya kutengenezwa", kama tunavyosema meno ya kutengenezwa, na ile nyingine, ikiwapo, iandikwe "zabadi ya fungo". Neno zabadi pekee, bila kitambulisho, lisiruhusiwe kwenye maelezo ya bidhaa. Tukiliacha hivyo litamficha mnyama aliye kizimbani, na pia litamficha mchuuzi anayeuza cha kiwandani kwa bei ya pembe.

Mwisho, upo upungufu ambao safari ya Kapalamsenga iliufunua na haukupata dawa. Kesho yake asubuhi kanga ya yule mama ilikuwa bado inanukia mahali kifundo cha mkono kilipolala. Hiyo si mtuo, kwa sababu mtuo huwa mwilini. Ni harufu iliyohamia katika kitu kingine na kubaki hapo baada ya mwenyewe kuondoka. Harufu mbaya ya namna hiyo tunayo majina yake: shombo hubaki mikononi baada ya samaki kuondoka, vumba hubaki katika chungu. Harufu nzuri ya namna hiyo hatukuipatia jina katika kamusi yoyote tuliyoifungua. Ni vigumu kuamini kwamba watu waliofukiza nguo kwa udi vizazi kwa vizazi hawana neno hilo. Wasomaji wa Lamu, Pemba, Mafia, Ngazija na kwingineko wanaolijua tunaomba watuandikie, wakitaja mahali linaposemwa, umri wa aliyelisema, na sentensi moja ya mfano.